Siku Maji Yalipokatika Kiwandani

Ndugu zangu wanakikundi, mwenyekiti amenipa nafasi kwa sharti kwamba nisimtaje mtu. Sitataja jina. Ila uchungu wangu sikuuacha mlangoni.

Mnanijua kama fundi mageti wa hapa mtaa wa Gerezani. Zamani nilikuwa mpimaji kwenye kiwanda cha matangi ya mafuta. Kilikuwa cha umma, kikauzwa, wengi wakapunguzwa, na tajiri mpya akaleta mashine inayochomelea yenyewe. Inatambaa juu ya chuma ikiunga, na nyuma yake kinafuata kipimo kinachopeleka ndani ya maungio sauti ambayo sikio halisikii. Kukiwa na tundu ndani, mstari kwenye kioo unaruka. Maungio yakiwa mazima, unalala.

Sasa nawaambia, kipimo kile kilitaka maji. Yasipotiririka kati yake na chuma, sauti haiingii, na mstari unalala vilevile.

Siku moja bomba likakauka. Mnayajua maji ya mji huu. Nikazima mashine, msimamizi akaja juu.

"We vipi? Mstari si umetulia?"

"Umetulia kwa sababu hakipimi kitu, bosi. Tutume watu wakachote na ndoo."

"Tangi linatakiwa haraka. Washa, au nenda kauze mitumba."

Nikakataa. Akaiwasha mwenyewe. Wenzangu wa zamu walikuwa pale pale, wameinamisha vichwa.

Maji yaliporudi, tangi likajazwa kwa presha kulijaribu. Maungio yakapasuka, bati nene likafyatuka na kumvunja mguu rafiki yangu aliyefanya kazi karibu nasi. Msimamizi akasema mpimaji ndiye aliyepitisha. Wenzangu wakaitwa mmoja mmoja. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Walikuwa wanaogopa kupunguzwa, najua, na bado inaniuma.

Nikafukuzwa. Kwetu Magomeni nikaitwa mvunja watu. Nikaingia kwenye ulevi wa gongo, mke wangu akarudi kwao Lindi, na simlaumu. Hospitali sikwenda, maana niliamini rafiki yangu ananilaani.

Asubuhi moja mke wake akanikuta nimelala kibarazani.

"Shemeji, amka. Mwenzio kila siku anauliza mbona huji."

Nikaenda hivyo hivyo, ninanuka. Rafiki yangu akanishika mkono.

"Nilikusikia ukibishana na msimamizi," akasema. "Nimemwambia tajiri. Hataki kusikia, lakini nimemwambia."

Ndugu zangu, nililia mbele ya wagonjwa. Kazi sikurudishiwa mpaka leo. Lakini gongo niliiacha, kwa sababu yupo mtu mmoja aliyesema kweli, naye ndiye aliyevunjika.

Namshukuru yeye na mkewe. Nakushukuru wewe mama uliyenilisha ugali nikiwa sina mbele wala nyuma, na nyinyi mlioniazima mashine ya kuanzia mageti. Mungu awalipe. Nililojifunza ni hili tu: mwenzako akikataa jambo baya kazini, sema ulimsikia. Siku ile ile. Usingoje kumpa pole.

Na wa zamu ile, wawili mmo humu. Kila Jumapili mnakula wali na mimi na kuyasifu mageti yangu. Nimewasamehe nusu. Nusu iliyobaki si yangu kuitoa. Mwenyewe amekaa pale mlangoni, mguu ameunyoosha kwenye benchi. Mmempita mkiingia, na mtampita tena mkitoka.