Filimbi ya Dakika Kumi na Saba

Benchi la Birika, pale Keroka mkabala na duka la mbolea, lina miguu mitatu na nusu, na hiyo nusu ndiyo hukumbusha watu wakae kwa adabu. Mwenyewe ni Abdirashid, aliyeitwa Birika tangu alipoleta kahawa chungu ya tangawizi katika mji wa wanywa chai, na jiko lake hukaa mwisho wa benchi. Wateja wake hawabadiliki. Omwenga, fundi wa redio na spika, huitwa Injinia, ingawa cheti hakuna aliyekiona. Bonareri, muuza ndizi ambaye hakuna matanga asiyoshika maikrofoni, ni Programu. Na Sylvanus, mwalimu mstaafu na kiongozi wa kwaya ya Wasabato, ni Solfa. Alhamisi hiyo, saa nane na nusu mchana, Solfa alifika ameishika simu kwa mikono miwili.

Ujumbe alikuwa ameusoma mara sita. Mara ya saba aliusoma kwa sauti.

"Tata, tumefika Chebilat. Tunapita hapo Keroka tukienda kupiga muziki Kisii. Wimbo huu nimeutunga mimi. Usikilize mpaka mwisho, halafu uniambie: nishuke nikusalimie ama nipitilize?"

Wote walijua habari ya Persis, binti wa Solfa. Baba yake, huyo anayemwita Tata, ndiye aliyemfundisha filimbi, ile ya chuma inayoshikwa kwa upande, akaipiga kanisani mpaka wazee wakafumba macho. Kisha akaenda Nairobi, akaingia bendi ya roki, tena ile roki ndefu wanayoiita progresivu, na Solfa akasimama mbele ya kanisa zima akasema yeye hana tena mpiga filimbi. Miaka minne sasa, msichana hajakanyaga nyumbani. Solfa alimkumbuka kila siku, na kila siku hakumwambia mtu.

Injinia: Leta hiyo simu. Spika yake ni ya salamu, si ya muziki.

Akailaza ndani ya sufuria tupu ya Birika, akabonyeza. Sauti ikavimba. Gitaa likanguruma, ngoma zikafuata, halafu juu ya hivyo vyote ikaja filimbi.

Programu: Ni yeye huyo?

Solfa: Ni yeye.

Aliijua pumzi ya mwanawe kama anavyojua kikohozi chake mwenyewe. Lakini alimfundisha kuvuta hewa bila kusikika, na hapa alisikika akihema, akinguruma ndani ya filimbi, akiimba na kupuliza kwa pamoja. Solfa akainua mkono kuhesabu mapigo. Nne hazikutosha. Akajaribu tano, akajaribu saba, na mkono ukabaki juu bila pa kushukia.

Birika: Mwalimu, umepotea?

Solfa: Sijapotea. Wao ndio wamepotea.

Programu: Lakini filimbi inatafuta nini kwa roki? Hapo kuna kelele ya kutosha.

Injinia: Wacha niwaelezee, hii ni kazi yangu. Gitaa inatumia stima. Kinanda inatumia stima. Sasa stima ikipotea katikati ya shoo, nani anabaki? Filimbi! Ndio maana wanamweka. Huyo ni jenereta yao.

Birika: Kwani Ulaya stima inapotea?

Injinia: Zamani ilikuwa inapotea. Wakazoea hivyo.

Programu: Yaya, hapana, wewe hujui watu. Huu wimbo ni matanga. Sikiliza vizuri. Gitaa ameongea, ngoma ameongea, kinanda ameongea, kila mtu lazima apewe nafasi, ndio maana hauishi. Sasa hii filimbi ni ule shangazi ametoka mbali na hayuko kwa programu. Ukimnyima maikrofoni, analia huko nyuma mpaka umpatie.

Injinia: Na akipatiwa?

Programu: Akipatiwa hashuki.

Birika alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye makaa. Kisha naye akatoa yake, kwa sababu kwenye benchi hilo mtu asiye na nadharia huonekana kama anadaiwa.

Birika: Nyote mmekosea. Hizo nyimbo ni za madereva wa lori. Unaanza wimbo Keroka, unaisha Sotik. Gitaa inamlaza usingizi, filimbi inamwamsha akikaribia kona. Bila filimbi, hao watu wa roki wangekuwa wameisha wote barabarani.

Injinia: Sasa huo ni uongo.

Birika: Na jenereta?

Wakabishana hivyo, sufuria ikipiga chini yao, na Solfa akaacha kusikia filimbi akaanza kuwasikia wao. Ilikuwa rahisi zaidi. Kila walipocheka alihisi kwamba alikuwa na haki miaka minne iliyopita, na alihitaji sana kuhisi hivyo.

Ghafla sufuria ikanyamaza. Gitaa kimya, ngoma kimya, filimbi kimya. Katika kwaya ya Solfa kuna sheria moja inayojulikana hata na wasioimba: kimya kikizidi hesabu ya nne, wimbo umeisha, na watu wanaitikia. Walihesabu kwa mazoea, bila hata kujua wanahesabu.

Programu: Amina.

Injinia: Amina.

Injinia akanyoosha kidole ndani ya sufuria, akazima, na kumpa Solfa simu yake.

Programu: Haya Mwalimu, mtoto anangoja. Mwambie.

Solfa aliandika polepole, kwa herufi za mwalimu, akiweka kila nukta mahali pake. "Nimesikiliza mpaka mwisho. Si nilichokufundisha. Safari njema." Akatuma. Alama mbili zikawa za buluu papo hapo, kumaanisha kwamba binti yake alikuwa ameshika simu akingoja. Solfa akairudisha simu sufuriani kwa sababu hakutaka kuitazama. Birika akamwongezea kahawa ambayo hakuiomba.

Baada ya kama robo saa akaja mwanamke mwenye gumbuti na kikapu cha majani chai mgongoni, mgeni hapo. Alijitambulisha kuwa Nyanchama wa Ikonge, akaomba kikombe, akainama juu ya sufuria.

Nyanchama: Nilidhani ni mandazi. Kumbe ni simu.

Akaigusa kuisogeza na kioo kikawaka. Akakitazama.

Nyanchama: Huu wimbo mbona mmeuwacha nusu? Hapa inasema dakika nane kati ya kumi na saba. Unaishaje?

Injinia alimtazama Programu. Programu akatazama ndizi zake. Birika akapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

Nyanchama: Nauliza tu. Unaishaje?

Watu hao watatu wangeweza kukueleza mwanzo wa roki, sababu ya roki na wangapi wangekufa bila roki. Hilo hawakuweza. Solfa aliitoa simu sufuriani, na hakubonyeza wimbo. Alipiga simu.

— Tata, — alisema Persis. Nyuma yake gari lilikuwa linaunguruma.

— Mko wapi?

— Tumepita Keroka kitambo. Nilikuona kwa dirisha. Ulikuwa umekaa na marafiki wako, mnakunywa kahawa.

Solfa alifunga macho. Benchi zima lilikuwa linamwangalia, na kwa miaka thelathini ya darasani na ishirini ya kwaya hakuna aliyewahi kumsikia akikosolewa akakubali.

— Persis. Sikufika mwisho.

— Umeandika umefika.

— Nimeandika uongo. Uliponyamaza pale katikati, tulisema amina tukazima. Hata hizo dakika nane sikuzisikiliza, niliwasikiliza hawa. Sijui wimbo wako unaishaje.

Kimya kikaja kwenye simu. Kikapita hesabu ya nne, kikapita ya saba, na Solfa hakusema lolote. Injinia alifungua mdomo na Programu akamfinya.

Kisha wakamsikia Persis, sauti yake ikiwa mbali kidogo na simu, akiongea na mtu mwingine.

— Simamisha hapo mbele. Nashuka.