Jumamosi za Karani Sifael

Baba Mchungaji, wazee wetu, majirani, na wote mliopanda kuja Mwika leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, familia inaomba utulivu wenu tumsimulie Mzee Sifael Daniel Mmari, karani wa mahakama na mtunzi wa riwaya za upelelezi, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa vitabu vyake, na sisi tunamfahamu kwa jina la nyumbani, Baba Elisifa.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mwika tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu wa Mzee Daniel na Mama Eliona Mmari, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari mjini Moshi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973. Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa karani wa mahakama ya mwanzo huko Himo, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2015, na humo alizoea kusikiliza watu wakidanganya kwa sauti ya upole, jambo lililomfaa katika utunzi kuliko masomo yote.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Elinipendo, binti wa Mzee Yoramu Shao wa Marangu, wakajaliwa watoto watatu, Elisifa mwaka 1982, Martin mwaka 1985 na Evelyn mwaka 1990. Riwaya yake ya kwanza aliitunga kwa mdomo, akimsimulia mkewe jioni wakikata majani ya ng'ombe, naye Mama Elisifa akimkatiza kila hatua, "Huyo mwenye duka mimi simwamini," mpaka alipoambiwa muuaji hasa ni nani. Furaha ilimzidi, akawadokezea wenzake wawili wa kwaya, na Desemba 1988, watu wote wamerudi nyumbani kwa Krismasi na mwandishi amepanga vitabu vyake mezani nje ya kanisa, walipita wakimpa pole ya kazi na kumwambia, "Tununue cha nini, Baba Elisifa? Si ni bwana shamba aliyeua?"

Marehemu hakugomba. Aliacha tu kusimulia, na tangu mwaka 1989, kila alipokuwa na kurasa za kutosha, alivaa shati lililopigwa pasi siku ya Jumamosi, akashuka Moshi kwa Salvina Tarimo, mpiga taipu mwenye ofisi karibu na soko, Mkatoliki wa Kibosho, ambaye kwa sababu ya kazi yake alimjua kila muuaji kabla ya mtu mwingine yeyote duniani, na hakuwahi kumtaja hata mmoja.

Hilo ndilo lililomkaa Mama Elisifa kooni. Angekuwa mwanamke wa kumnyang'anya mume, angejua la kufanya, lakini huyu alichukua kitu ambacho Mama Elisifa mwenyewe alikuwa nacho akakipoteza, na hakukuwa na mzee wa kanisa wa kumpelekea shauri la namna hiyo. Kwa kuwa ni aibu mtu wa mlimani kushuka mjini mikono mitupu, alimfungia mumewe ndizi za kumpelekea Salvina, ila aliuchagua mkungu ambao usingeiva vizuri hata kwa supu ya mtori, na Salvina alipojibu kwa kitenge kizuri, kitenge hicho kilifunika ndoo za maziwa mpaka kikachakaa. Katika riwaya ya nne alitokea mpelelezi wa kike mwenye miwani, na Salvina alivaa miwani, hivyo chakula cha jioni nyumbani hapa kilipakuliwa kimya kwa majuma kadhaa. Vitabu vyote Mama Elisifa alivisoma vikiwa vimeshatoka kiwandani, kama msomaji yeyote wa Himo, na kila kimoja alikianzia ukurasa wa mwisho.

Mwaka 1999 alishuka mwenyewe, bila kuaga. Salvina alisimama akampa shikamoo, akamvutia kiti, akalalamika kwamba mwandiko wa mzee ni kama kuku amepita kwenye wino, wakacheka wote, na hapo Mama Elisifa akaona nafasi, akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu, "Na huyu wa safari hii, nani kaua?" Salvina aliangalia chini. "Alinikataza, dada. Nisamehe." Mama Elisifa alirudi Mwika, akakamua ng'ombe, na safari hiyo hakuitaja tena.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2023, na tarehe 19 Mei mwaka huu alilazwa hospitali ya rufaa mjini Moshi, riwaya yake ya kumi ikiwa imepigwa taipu yote isipokuwa sura ya mwisho, ambayo mkono wake haukuweza tena kuiandika. Salvina alikuja wodini na chupa ya uji, akiwa na kalamu mkobani, na marehemu alimshukuru, akamwomba atoke kidogo nje, kisha akamwita mkewe ainame. Alimnong'oneza kwa Kichagga kwa muda mrefu, na Mama Elisifa, ambaye familia haikuwa imemwona akicheka tangu mwezi wa nne, alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Mzee akasema kwa sauti, "Safari hii ukimwambia mtu, nitafufuka." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni.

Tangu siku hiyo wameuliza wanakwaya, wameuliza watoto wake, na juzi, jikoni, wakimenya ndizi pamoja, ameuliza Salvina. Mama Elisifa alimwangalia, akashusha kisu. "Alinikataza, mdogo wangu. Nisamehe." Wakaendelea kumenya. Sura hiyo atakwenda kuisema yeye mwenyewe, Jumamosi atakayoichagua, Salvina akipiga taipu, na mpaka hapo waombolezaji mnaombwa msimsumbue.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, makarani wenzake wa Himo, majirani waliochimba kaburi na kuleta majani ya ng'ombe bila kuombwa, na Salvina Tarimo, kwa kufunga mdomo miaka yote hiyo.

Pumzika kwa amani, Baba Elisifa. Mpaka tunasoma haya, mkeo hajasema.