Bi Enid Garthwaite na Njia ya Shambani kwa Thackray

Ijumaa tarehe 29 Juni 1962, Bi Enid Garthwaite anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutuandalia kitabu chetu cha matembezi ya mashambani hapa Leeds. Jamani, nani ataamini kuwa mama huyu amefika umri wa kupumzika? Juzi tu alituacha hoi mlimani, akatusubiri juu anakunywa chai!

Sharti lake ni moja: njia haichapwi mpaka aikanyage mwenyewe. Kuwe na mvua, matope au fahali mkali, yeye yumo, na sketi yake ya sufu na mkate wa jibini mfukoni. Wafanyakazi wa viwandani walitoka Jumapili na kitabu chake mkononi, wakarudi mashavu mekundu, wanacheka.

Lakini kilichotutia kiwewe ni kile kisa cha mwaka 1954. Mkulima Thackray aliifunga kwa seng'enge njia ya kwenda mtoni, ile ambayo Bi Enid aliipita na baba yake tangu utotoni. Kesi ikafika barazani. Sheria yetu mnaijua: njia huwa ya watu wote iwapo wameipita miaka mingi bila kuomba ruhusa. Ukiomba, umekiri kuwa ni ya mwenye shamba.

Basi mashahidi wetu, waungwana kupindukia! Bwana Pickersgill, muoka mikate, akasimama kifua mbele. "Mimi nilibisha hodi kila mara. Nina adabu zangu!" Mkewe akadakia, "Na mimi nilimpelekea keki." Lo! Kila adabu ikazidi kutuzamisha. Bi Enid akajishika kichwa, machozi yakamlengalenga.

Zamu yake ilipofika, hata hajafungua kinywa, Thackray akaruka kitini. "Huyu ndiye mbaya kuliko wote! Tangu enzi za baba yangu anapita mchana kweupe, anatupungia mkono tu. Hata siku moja hajaomba ruhusa!"

Wakili wake akajifunika uso.

"Ahsante, Bwana Thackray," akasema Bi Enid. "Sina la kuongeza."

Njia ikafunguliwa! Tulishangilia mpaka tukatolewa nje.

Bi Enid, ahsante kwa kututoa mjini na kutuonyesha nchi yetu. Tunakuombea afya, furaha na miguu isiyochoka. Kesho sote tunapita kwa Thackray, nawe mbele. Na tukifika getini, tafadhalini sana, mtu asibishe hodi.