Mtu Katoka Kuwait, Anasema Ametosheka

Benchi letu liko kwenye kona ya msikiti mdogo, mbele ya jiko la kahawa la Ghubashi, na mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali tangu benchi lenyewe likiwa jipya. Kila alasiri wanakaa pale wanaume watatu. Haji Metwali tunamwita Haji Dinari, kwa kuwa alifanya kazi Kuwait mpaka nywele zikamwisha. Barsum, karani mstaafu wa shule, ni Daktari, maana husoma karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya dawa, hata dawa zisizo zake. Na Shihata, dereva wa bajaji, ni Sinema, kwa sababu kila alichokiona njiani kikifika hapa kimeshapata waigizaji. Mimi Mama Zaghluli nauza mbegu za alizeti hapo ukutani. Benchini sikai, ila masikio yangu yamekaa hapo kuliko wao. Siku ninayoisema, basi la uwanja wa ndege lilikuwa lipite kabla ya magharibi kuchukua watu wa Ghuba, na Rifaat, mwana wa marehemu Abdo dobi, alitakiwa awemo. Likizo yake ilikuwa imekwisha. Asipopanda basi lile, kazi yake Kuwait ndiyo basi tena. Na begi lake lilikuwa halijaonekana mlangoni.

— Nimepita pale sasa hivi, Sinema alisema hata hajakaa. Mnajua nimemkuta anafanya nini?

— Anafunga begi, Haji alisema.

— Begi gani! Yuko balkonini anamsuka bintiye nywele. Mchana kweupe!

— Mwanamume?

— Na chanuo kalishika kwa meno.

Ghubashi aliacha kukoroga. Haji alibaki na kikombe hewani, na haki yake, kwa maana jambo hili lilimgusa. Bayumi, kitinda mimba wake, amemchumbia Sausani, dada yake Rifaat, na baba yao hayupo, kwa hiyo vyombo vya bi harusi vilikuwa shingoni mwa Rifaat. Na sisi hapa binti hatoki kwao bila kabati la vioo, limejaa vikombe na sahani za ukingo wa dhahabu. Siku ya kuhamisha vyombo linapitishwa barabarani juu ya gari, mtaa mzima tumesimama tunalikagua. Likishaingia sebuleni halifunguliwi tena mpaka kufa, ila kwa kufutwa vumbi.

— Atapanda tu, Haji alisema. Mwenye akili haachi Kuwait.

Nikaona nisiwaache gizani.

— Jana alikuja kununua mbegu kwangu. Nikamuuliza, Rifaat mwanangu, ukienda safari hii utarudi lini? Akaniambia, Mama Zaghluli, siendi. Nimetosheka.

— Kasemaje?

— Katosheka.

— Katosheka na nini?

— Hakusema. Alichukua mbegu, akambeba yule mtoto mabegani, wakaenda zao wanatemeana maganda.

Daktari alivua miwani.

— Neno hilo mtu mzima halisemi hivihivi. Ana homa?

— Anataka kufungua duka la baba yake, niliongeza. Kupiga pasi.

— Pasi! Haji alimwaga kahawa kwenye kanzu. Atoke Kuwait aje kupulizia suruali za watu maji kwa mdomo? Na ghorofa yake ya tatu haijapigwa plasta? Nondo zimesimama kule juu zinamngoja!

— Ghorofa ya tatu atakaa nani? Ghubashi aliuliza.

— Mwanawe wa kiume.

— Hana mtoto wa kiume.

— Atampata. Kwanza ghorofa.

— Atampataje, Haji, nikasema, yeye akiwa Kuwait na mkewe hapa?

— Wewe mama uza mbegu.

Nikauza mbegu. Daktari naye alikuwa ameshavaa miwani, na akishavaa miwani huwa hazuiliki.

— Mimi haya nimeyasoma. Mwilini mna madini ya kutamani. Mtu akila njegere nyingi na kulala mchana, yanashuka. Ndipo anaanza kucheka na watoto. Baadaye anatoa kiti chake nje, anakaa na mkewe wakitazama barabara. Mwisho anapanda maua kwenye makopo.

— Na baada ya maua?

— Baada ya maua hakuna dawa.

— Si madini, Haji alisema. Ni mkewe. Tangu arudi, ile nyumba inanuka kabichi ya kujaza kila siku ya Mungu. Mnadhani ni bure? Ndani ya kabichi ile mna kitu.

— Mna wali, Ghubashi alisema.

— Mna kitu, nakwambia! Mimi nimerudi likizo mara ngapi? Mke wangu alikuwa ananipikia siku ya kwanza, siku ya pili ananiuliza naondoka lini. Yule mkewe kafanya nini mpaka mtu akamwona ni bora kuliko mshahara?

Nadhani hata yeye alitamani asingeuliza. Sinema ndiye aliyemwokoa. Alisogea mpaka katikati ya benchi na kushusha sauti, ile sauti yake inayosikika mpaka mfereji wa pili.

— Nyie mnazunguka tu. Ule mchanga nje ya nyumba yake umetoka wapi? Siku kadhaa sasa anachimba uani, mlango kaufunga. Jamani, kijana kapata.

— Kapata nini?

— Vitu vya wale wa kale, mafirauni. Chini ya nyumba. Kwa nini mtu aache Kuwait kama Kuwait haimjii yenyewe kutoka ardhini?

Sasa hapo benchi lote likamwinamia Sinema. Kwetu hakuna nyumba ambayo mwenyewe hajawahi kuigonga sakafu akasikiliza kama kuna uwazi chini. Binamu yangu alichimba sebule mpaka nyumba ikainama, na alichokipata ni kiatu cha babu yake.

— Kuna paka, Sinema aliendelea. Wa dhahabu tupu, macho ya kijani. Chini ya paka kuna ngazi. Ngazi inashuka kwenye chumba. Ndani ya chumba kalala mfalme, na mkewe, na watoto wao wote, kawapanga mkono huu na mkono huu.

— Mfalme mzima na familia nzima chumba kimoja? Daktari alishangaa.

— Ndivyo walivyotaka. Mali kaiweka pembeni.

— Umeona wewe?

— Niliona mchanga.

Haji alianza kuchezea ndevu. Nilimwona uso unafunguka kama duka.

— Kumbe kijana ana akili! Nilijua. Baba yake nilimjua, alikuwa mtu wa siri. Basi, kabati moja halitafaa, litakuwa aibu kwa watu wenye kitu. Yawe mawili. La pili litakaa kwenye ujia.

— Ujia wa Bayumi mwembamba, Haji, nilisema. Watapitaje?

— Watapita upande upande.

Akaagiza kahawa kwa wote, pamoja na mimi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aliporudi kutoka Kuwait. Kahawa haijashuka jikoni, akatokea Sausani mwenyewe, mtandio umeteleza, na koleo la kuchimbia mkononi. Msichana kuja benchi la wanaume, na pale kakaa baba mkwe wake mtarajiwa! Nilisogeza kikapu changu karibu ili nisipitwe.

— Asalaam aleikum. Ghubashi, kaka anakushukuru kwa koleo.

Wote watatu wakamgeukia Ghubashi. Ghubashi akaitazama birika.

— Binti yangu, Haji alisema kwa sauti ya asali, sogea, sisi ni nyumba moja. Mmepata nini kule chini?

— Bomba, ami.

— La dhahabu?

— La choo. Liliziba tangu mwaka juzi, mama alikuwa anakwenda kwa jirani, na mvua ikinyesha mpaka avae viatu vya plastiki. Rifaat kalizibua. Mama amemwombea dua tangu asubuhi hajanyamaza.

Sinema aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea. Alikuwa amevaa kandambili.

Haji alikunja uso pole pole.

— Basi sikiliza. Mwambie kaka yako basi liko njiani. Aende mwaka mmoja tu, au miwili, nanyi mtangoja. Mimi nikimwozesha Bayumi bila kabati la vioo, watu watasema nini?

— Bila kabati posa inavunjika, ami?

— Sijasema inavunjika. Nimesema inangoja.

Yule msichana alibadilika rangi, lakini hakuondoka.

— Na siku ya ndoa, Rifaat akiwa kule, nani atakuwa walii wangu? Nani atashikana mkono na Bayumi chini ya leso nyeupe?

— Wako ami zako. Hilo ni jambo dogo. Mbona binti yangu Nagwa aliolewa mimi nikiwa Kuwait? Ndugu yangu alishika mkono, sheikh akasoma, kwisha. Na mimi nilileta friji! Waulize hawa! Milango miwili, lilipakiwa kwenye gari peke yake, ngoma mbele, watu wakatoka mpaka mtaa wa pili kulitazama.

— Habari za friji nimezisikia, ami. Na Nagwa mwenyewe je? Siku ile alilia, au hakulia?

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza kama jana mvua ilifika kwenu.

Haji akamtazama Daktari, lakini mwaka ule Daktari alikuwa Iraki. Akamtazama Sinema, Sinema alikuwa Yordani anachuma nyanya. Ghubashi alikuwa Libya. Nikikumbuka vizuri, harusi ile ilikuwa ya wanawake na friji.

Mwishowe akanitazama mimi.

Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyempaka Nagwa wanja, nikampaka tena, nikampaka tena, mpaka nikauficha ule wanja chini ya godoro kwa sababu haukai. Nilikuwa na habari yote mdomoni, moto, imeiva. Nikatia mbegu juu yake nikatafuna.

Honi ya basi ikalia pale kona.

— Rifaat Abdo! dereva aliita kutoka dirishani. Uwanja wa ndege! Fanyeni haraka, nina wengine wa kupitia!

Sausani alishika ncha ya mtandio kwa mikono miwili. Haji Dinari alisimama, magoti yakalia kama mlango wa zamani.

— Haendi.

— Wewe ni nani wake?

— Mkwe wake. Anamwozesha dada yake, ndiye walii. Mwezi huu. Nenda zako, bwana.

— Na kiti chake nimpe nani?

Sinema alianza kunyanyuka. Daktari akamvuta shati akakaa.

Basi likaondoka na kiti kitupu. Sausani alitaka kuubusu mkono wa Haji, Haji akauvuta, akamwambia arudi nyumbani asije akawatia watu wasiwasi. Msichana alikwenda anatembea, alipofika kwenye duka la marehemu baba yake akaanza kukimbia.

— Haji, Sinema aliuliza, na kabati la vioo?

— Washa bajaji.

— Tunakwenda kuliangalia?

— Tunakwenda kwa Nagwa.

— Leo si sikukuu.

— Washa.

— Basi tupitie dukani ubebe kitu. Mtu haendi kwa bintiye mikono mitupu, atafikiri umefilisika.

— Washa, Shihata.

Wakaenda. Walichozungumza huko, mimi sijui, na si kwamba sikujaribu. Sinema anasema alingoja nje mpaka watoto wa Nagwa wakamaliza kupiga honi yote. Anasema wakati wa kurudi alimuuliza Haji, vipi, kakwambia? Haji akamwambia apunguze mwendo. Ni hicho tu nilichokipata, na nimempa Sinema mbegu za bure wiki nzima.