Mkunga Aliyeligawa Jina la Bibi Yake

Ndugu wa familia, majirani, wafanyakazi wa wodi ya wazazi, na ninyi mabinti mlioujaza ua huu mpaka barabarani, familia imempa binti wa marehemu kazi ya kuisoma historia hii, ambayo marehemu aliitamka mwenyewe akiwa kitandani, kwa siku tatu, binti akiandika, na akaagiza isipunguzwe neno, isipakwe sukari, na isomwe kwa sauti ya kufika viti vya nyuma, ambako alijua wifi yake angechagua kukaa.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto pekee wa mama yake, ambaye alifariki mwaka 1955, na baba alipooa tena na kuhamia mbali, akachukuliwa na bibi yake mzaa mama, mfuaji wa nguo za watu, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji, aliyeitwa Ruwaida.

Kwa kuwa jina hilo ndilo lililotukusanya, marehemu alitaka lielezwe vizuri, maana wengi mnalo na hamjui lilikotoka. Ni jina la Kiarabu, limetokana na neno lenye maana ya upole na kwenda taratibu, na bibi alilipata kwa baba yake, aliyekuwa karani wa mfanyabiashara mmoja Mwarabu na akalisikia likitajwa nyumbani kwa tajiri wake, likamkaa moyoni, akalileta kwake kabla hata hajaoa. Bibi alilitafsiri kwa namna yake, kwamba ni mtu asiyekurupuka, anayefika anakokwenda bila kutoa jasho. Wakati huo lilikuwa adimu kwelikweli, kwani marehemu alipokuwa chuoni alimwendea mwalimu wa Kiarabu aliyeishi mtaa huohuo, mwalimu akafungua kamusi yake nene, akathibitisha maana, akasema kwamba katika miaka yote ya kufundisha amekutana nalo mara mbili tu, na mara moja ilikuwa kitabuni.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akirudi mchana kupiga pasi nguo za wateja, na tarehe 9 Novemba 1968 bibi alifariki akiwa amemshika kifundo cha mkono, akimwambia kwamba kufa hakumtishi, kinachomuuma ni kwenda na jina, na marehemu akaahidi, mbele ya jirani mmoja, kwamba binti yake wa kwanza ataitwa Ruwaida, na kwamba jina halitalala kaburini. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote alipoingia chuo cha ukunga Januari 1969, na alipoajiriwa tarehe 1 Februari 1972 katika wodi ya wazazi, alikofanya kazi mpaka alipostaafu.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1973, na fundi saa, mtu mpole mpaka anakera, wakaishi nyumbani kwa baba mkwe, chumba cha mkono wa kulia ukiingia. Mimba mbili ziliharibika, ya 1975 na ya 1977, na ya tatu ilipokaa, daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba baada ya hiyo asijaribu tena. Basi akawa anatembea ameshika tumbo kwa mikono miwili, na tumboni alikuwa na mambo mawili, mtoto na ahadi.

Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, fundi cherehani, naye alikuwa mjamzito na alikuwa amerudi kwao kujifungua. Mwezi wa Aprili 1979, wawili hao wakiwa wamekaa kitandani wanakunja nepi, wifi alisema hajui mtoto wake amwite nani, akauliza, "Na wewe wifi yangu, umeshapata?", na marehemu, ambaye hakuwa na dada wala mama wa kumwambia, akamwambia jina, na bibi, na ahadi yote. Wifi alijifuta machozi kwa nepi, akaapa, "Hili limeingia hapa, halitoki."

Lilitoka baada ya wiki saba. Jumamosi, tarehe 2 Juni 1979, wifi alishikwa na uchungu, akakataa kuguswa na mkunga mwingine, na marehemu, aliyekuwa likizo na tumbo lake likiwa mlangoni, akafunga aproni isiyofika nyuma, akamzalisha, akamkata mtoto kitovu, akampima, kilo tatu na robo, kisha akachukua fomu na kalamu, akauliza jina. Wifi alitazama ukuta, akasema, "Ruwaida." Marehemu aliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi, na alitaka mjue kwamba hakukosea hata moja.

Siku kumi na moja baadaye, Jumatano, tarehe 13 Juni, alizaliwa binti pekee wa marehemu, ambaye ndiye msomaji wa historia hii. Baba mkwe alisema wajukuu wawili wa jina moja ndani ya ua mmoja ni vurugu, ukiita mmoja wanaitika wawili, na fundi saa akakubali kama kawaida yake, akaenda kuandikisha mtoto kwa jina la mama yake mzazi, jina la heshima kabisa, wakati mkewe bado amelazwa. Marehemu alipoletewa cheti alikisoma, akakikunja, akamnyonyesha mtoto. Ukweni walimsifu kwa kulimeza. Hawakumjua.

Wifi alifungua duka la kushona mwaka uleule, akaliita Ruwaida Mitindo, kibao chekundu cha kuonekana kutoka njia panda, akatarizi jina kwenye mito, kwenye mashuka, kwenye kola za mtoto, na kila mteja aliyeingia kupimwa kiuno aliambiwa kwamba jina la mwanawe halina mwenzake mji mzima. Marehemu alipita mbele ya kibao hicho kila asubuhi akienda kazini, akaamua kwamba kama uadimu ndio unaomvimbisha mtu kichwa, basi uadimu ndio atakaoukomesha.

Alianza Jumatatu, tarehe 21 Januari 1980, na mama mmoja muuza chai wa stendi, aliyejifungua msichana na hana jina. Marehemu aliinama, akamnong'oneza, "Mimi nina jina moja, zuri, adimu sana, lakini usimwambie mtu", na yule mama akalipokea kama aliyefichiwa kitu kizuri. Aliyekuja na jina lake hakuguswa. Hakumlazimisha mtu, hakumdanganya mtu juu ya maana, na kwa wale wa kwanza hata neno adimu lilikuwa kweli. Aliwanong'oneza wake wa madereva, wa walimu, wa mahakimu, wasichana wasio na waume, mama wa mapacha, ambaye alimpa la mmoja tu, na kila mmoja alitoka wodini akiamini ni yeye peke yake.

Januari 1987 mwalimu wa darasa la kwanza aliita Ruwaida, wakasimama sita. Ilibidi wagawiwe vyeo, wakawa Ruwaida Mrefu, Ruwaida Pengo, Ruwaida wa Dirishani, na binti wa wifi, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua, akawa Ruwaida Kamasi, jina lililomganda mpaka darasa la saba. Wifi alikwenda wodini anahema, akasimama katikati ya vitanda, akauliza, "Wifi, unanifanyia nini?", na marehemu, akiwa na glavu mkononi, akamjibu, "Nazalisha."

Akaendelea kuzalisha. Pakawa na Saluni ya Ruwaida, Ruwaida Vipuri, Ruwaida Maziwa Freshi, wateja wa suti wakawa wanaishia kwa muuza maziwa, na mwaka 1994 kibao chekundu kikashushwa, siku ambayo marehemu aliomba ruhusa kazini ili akae ng'ambo ya barabara na kutazama msumari kwa msumari. Alipostaafu, tarehe 31 Machi 2011, daftari lake lilikuwa na mabinti mia mbili na kumi na wanne, tarehe na uzito wa kila mmoja. Msomaji alipokuwa na miaka tisa alilikuta daftari hilo, akauliza kama na yeye anaweza kuandikwa, akajibiwa kwamba yeye ana jina lake, akacheze.

Fundi saa alifariki mwaka 2006, na marehemu alianza kuugua figo Oktoba 2013, akalazwa mara nne. Mwezi Juni mwaka huu wifi alikwenda hospitali na chupa ya juisi, akavuta kiti, akasema, "Tuyamalize, wifi yangu, tumezeeka." Marehemu alijibu, "Nimekusikia", akageukia ukutani. Kikao cha familia kiliomba hapa isomwe kwamba walisameheana. Hawakusameheana. Juisi alipewa mgonjwa wa kitanda cha pili. Alifariki Jumanne, tarehe 19 Agosti 2014, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini na tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi kumi, majirani waliopokezana kulala hospitali, na wakunga wenzake, ambao waliyajua yote na wakakaa kimya miaka thelathini na moja. Kwa maneno yake mwenyewe, marehemu anamshukuru pia wifi yake, ambaye kama si mikono yake mirefu, jina la mfua nguo lingebebwa na mtoto mmoja tu.

Limebaki agizo moja, la siku ya tatu. Marehemu ameagiza kwamba maua kaburini kwake yawekwe na wenye jina Ruwaida peke yao, mmoja mmoja kwa kufuata umri, na asiye na jina hilo asisogee, awe nani, alie vipi. Binti aliandika, akamsomea, kalamu ikabaki juu ya karatasi, akamtazama mama yake kuona kama kuna la kuongeza. Marehemu alitikisa kichwa kwamba ndivyo, akatabasamu, kwa kuwa alikuwa anamwona wifi yake tu, amesimama mbali, ua liko mkononi.

Kikao kilitaka sehemu hiyo irukwe. Mimi nimekataa. Kwa hiyo atatangulia mkubwa wenu wote, wa tarehe 2 Juni 1979, dada yangu, binti wa shangazi, ambaye hakuiba kitu, kisha mtafuata ninyi wote mliofika, mpaka yule mdogo aliyebebwa pale. Shangazi, naomba unipishe nafasi hapo nyuma, nakuja kusimama na wewe.

Mama, umemkomesha, na mimi nimo humohumo. Pumzika sasa, kwa amani hiyo uliyoikataa.