Ndoo Iliyovaa Sweta

Basi la kutoka Ilemba lilipomaliza kupanda mlima, Mzee Wilibrodi aliivalisha ndoo yake sweta. Bibi Monika, aliyeketi nyuma yake, alichungulia akaona perege saba wazima wakiogelea.

“Shikamoo mzee. Hivi samaki nao husikia baridi?” aliuliza Tusekile, mwuza vitenge wa Mbeya aliyekaa kando ya mzee.

“Marahaba mwanangu. Wamezoea joto la bondeni. Jua la miaka hii limekausha kidimbwi chetu, hawa ndio mbegu iliyobaki. Nawahifadhi kwenye bwawa la parokia ya mjini, mvua zikirudi nawarudisha.”

“Wakishazoea mjini watakubali kurudi Ilemba? Huyo mwanao uliyeniambia alikwenda kusoma mjini, alikubali?”

“Hawa hawajasoma.”

Bibi Monika alimeza kicheko. Tusekile alisema samaki ni wa kukaangwa, na mzee anachezea kitoweo. Lakini basi lilipoingia shimoni na maji yakamwagika, alifungua chupa yake ya maji ya kunywa, akayamimina yote ndooni.

“Bado sijakubali,” alisema.

“Hata wao hawajakubali.”

Basi liliposimama parokiani walishuka wakibishana, mzee ameshika ndoo, Tusekile ameshika mkono wa sweta.