Eliezeri Muhirwa, Aliyetaka Ijulikane Nani Amemlipia Nani (1981–2025)

Wachungaji, wazazi wetu, majirani wa Misiera na ninyi mliotoka Mbarara, poleni na safari, poleni na jua. Mimi ni Doriane, dada yake mdogo. Nimepewa kazi hii kwa sababu mke wake hana tena sauti. Hata yangu imebaki kidogo, mnivumilie.

Marehemu Eliezeri alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Minembwe, Kivu Kusini, mtoto wa pili wa mzee Habiyaremye na mama Gaju, wafugaji. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza sekondari Uvira mwaka 2001, fani ya biashara. Mama hupenda kusimulia siku wanunuzi walipokuja kuona ng'ombe. Eliezeri alirudi kutoka machungani, akasalimu vizuri, kisha akasema mbele yao: "Bote bamerudi, lakini ule mwekundu anachechemea." Baba hakumsemesha mpaka kesho yake.

Mwaka 2007 alifunga ndoa na Angeline Kabanyana. Vita viliwatoa nyumbani mwaka 2012, wakafika Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kujenga hapa Misiera. Mungu aliwajalia watoto wawili, Irakiza na Isimbi.

Mwaka 2018 aliajiriwa Mbarara na kampuni ya kukopesha taa za sola na pikipiki. Wengi mlikopa. Wachache mlijua kwamba kampuni ilikusanya madeni yetu madogo, ikayafunga kuwa furushi moja, kisha ikauza hati zake kwa watu wa mbali. Faida yao ilitoka katika marejesho yetu. Sheria iliitaka kampuni iwaeleze wanunuzi hao, kila kipindi, jinsi mikopo inavyolipwa na jambo lolote kubwa linaloweza kuvuruga malipo. Eliezeri ndiye aliyeandaa taarifa za upande wa Nakivale.

Tunavyoishi mnajua. Mtu akikwama, likirimba, ule mfuko wetu wa kuchangiana kwa zamu, unamlipia kimya kimya asiaibike. Kwa hiyo hesabu za Misiera zilipendeza, hakuna aliyechelewa. Lakini Eliezeri aliona mfuko unakauka na posho ya chakula inapungua. Mkuu wake alimwambia: "Pesa si imeingia? Nini ingine unataka?" Akaandika hata hivyo kwamba mikopo hii inaonekana mizima kwa sababu kuna wengine wanaoibeba.

Kampuni ikasimamisha mikopo mipya hapa kwetu. Ezira, rais wa likirimba, alikuja nyumbani akiwaka. "Batu banasaidiana, weye unaenda kubavua nguo mbele ya bazungu!" Eliezeri akamjibu: "Mwenye ananunua deni yetu, Ezira, ajue kama inachechemea." Miezi mingi Angeline alichota maji bombani bila kusalimiwa. Posho ilipokatwa kweli, wanunuzi walikuwa wameshaonywa, wakakubali muda wa kulipa urefushwe. Wengi walibaki na taa zao na pikipiki zao, si wote. Hakuna aliyekuja kusema asante. Jambo hilo lilituchosha sana, na leo nalisema.

Mwaka 2023 alipatikana na ugonjwa wa figo. Mtu huyuhuyu hakutaka ujulikane. Akilazwa hospitali ya Ruharo, Angeline aliwaambia watu yuko Biharwe kikazi, na akiwa nyumbani alimvalisha shati la kazini wageni wakibisha hodi. Kaka yetu alionekana mzima kwa sababu mke wake alikuwa akimbeba. Mwishoni alichoka kuficha, akaniita kitandani: "Doriane, usikuje kusoma ati niliugua muda mufupi. Sema yote." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, alfajiri, Angeline akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake, mjane, watoto wawili na mimi dada yake.

Kwa desturi yetu, kabla ya udongo, familia huuliza nani anamdai marehemu. Anayemdai aje kwa Angeline, hatutabishana na mtu. Deni kubwa lilikuwa la hospitali. Tulipokwenda kuuchukua mwili tukiwa mikono mitupu, tuliambiwa limeshalipwa. Ezira, aliyezileta fedha hizo kutoka likirimba, alituomba tusimtaje. Alisema: "Asiaibike."

Utusamehe, Ezira. Marehemu alisema tuseme yote. Deni lake linaonekana limekwisha kwa sababu ninyi mmelibeba.

Sasa lala, kaka. Umechoka, na sisi tumechoka. Mungu akupe pumziko lenye amani.